Waliotumwa Vijijini Kabla Yetu

Oktoba 1966, wanafunzi mia kadhaa wa chuo kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kwenda kumwona Rais Julius Nyerere. Serikali ilikuwa imeamua kwamba kila msomi lazima apitie Jeshi la Kujenga Taifa, na kwamba kwa muda fulani atalipwa sehemu tu ya mshahara wake. Wanafunzi hawakutaka. Bango moja lilidai kwamba enzi za mkoloni zilikuwa afadhali. Nyerere aliwasikiliza, akawaka, akawafukuza zaidi ya 300, warudi makwao. Siku hiyohiyo akatangaza kukata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20.

Wakati huo Dar, Nairobi na Makerere zilikuwa matawi ya chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Kwa hiyo ugomvi huo ni wetu pia, hata kama kwenye shule za Kenya hatufundishwi. Swali lililowagombanisha ni rahisi kulitamka na gumu kulijibu: msomi ana deni gani kwa watu wanaomsomesha kwa kodi na jasho lao?

Jibu la Nyerere siku hiyo lilikuwa la nguvu. Lakini miaka michache baadaye, kwenye kilima kilekile cha chuo, lilianza kutokea jibu la aina nyingine. Lilihusu jinsi ya kufanya utafiti, na jinsi ya kumfundisha mwanafunzi kuufanya pamoja na watu badala ya kuufanya juu yao. Leo tunauita utafiti shirikishi. Mimi nilifundishwa utafiti huo kwa siku mbili, nikiwa mwanafunzi wa uzamili, kwenye ukumbi wa hoteli, chai na mandazi saa nne. Kulikuwa na slaidi moja ya historia ya mbinu hiyo. Haikuwa na jina hata moja la mji wa Afrika.

Hiyo slaidi ilinikera, nikaanza kusoma. Nilichokipata ndicho ninachoandika hapa.

Dar: kaa kwanza, uliza baadaye

Mwaka 1952 Mfini mmoja kijana, Marja-Liisa Swantz, alifika Tanganyika kufundisha kwenye chuo cha ualimu cha wasichana, Ashira, huko Marangu chini ya Kilimanjaro. Kuanzia 1965 hadi 1970 aliishi Bunju, kijiji cha Wazaramo kaskazini mwa Dar es Salaam, akifanya utafiti wa mila na ishara zao. Kwa kazi hiyo alipata uzamivu kule Uppsala, Uswidi, mwaka 1970.

Hadi hapo hakuna jipya. Mzungu kaenda kijijini, kaandika kitabu, kapata shahada. Tunazo hadithi kama hizo tele. Tofauti ilianza aliporudi chuoni Dar mwanzoni mwa miaka ya 70 kama mtafiti wa BRALUP, ofisi ya chuo iliyochunguza rasilimali na matumizi ya ardhi. Swantz alianza kuwatuma wanafunzi wa Kitanzania kuishi vijijini. Walitakiwa kushiriki kazi za pale, kukaa kwenye mikutano, na kuyachunguza matatizo ya kijiji pamoja na wenye kijiji. Mwaka 1975 aliandika kwamba utafiti wenyewe ni chombo cha elimu, kwa anayeuliza na kwa anayeulizwa.

Chukua mfano wa Moshi. Mwaka huohuo wa 1975 BRALUP ilitoa ripoti ya Swantz na wenzake kuhusu utapiamlo wilayani humo. Moshi ilikuwa wilaya ya kahawa, moja ya sehemu zenye pesa Tanzania nzima. Sasa mbona watoto wanakonda? Daktari angeweza kusema mama hajui kupika mboga, halafu afunge faili. Ripoti hiyo ilitafuta sababu kwenye maisha ya kijamii na kiuchumi ya familia zenyewe. Na mambo hayo huwezi kuyapata ukipita na karatasi dakika 20 mlangoni. Nani nyumbani anashika pesa ya kahawa ni jambo linalosemwa jikoni, tena baada ya siku nyingi.

Wakati huo jiji la Dar lilikuwa na watu wengi waliokuwa wakiwaza mambo yanayofanana. Mwaka 1971 Mbrazili Paulo Freire alipita pale. Budd Hall, kijana kutoka Marekani Kaskazini aliyekuwa mkuu wa utafiti kwenye Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, aliona kazi za Swantz na wanafunzi wake. Mwaka 1975 Hall alihariri toleo maalumu la jarida la Convergence kuhusu utafiti shirikishi, na toleo hilo ndilo lililolisambaza jina hilo duniani. Mwaka 1977 Orlando Fals Borda aliitisha kongamano la dunia kule Cartagena, Kolombia, na mito miwili ikakutana: wa Amerika ya Kusini na wa kwetu.

Kati ya 1975 na 1979 Tanzania na Ufini ziliendesha pamoja mradi wa utafiti magharibi mwa Bagamoyo. Uliitwa Jipemoyo, jina ambalo mswahili hahitaji kamusi kulielewa. Ulikuwa chini ya wizara ya utamaduni na vijana ya Tanzania na Akademia ya Ufini. Watafiti vijana wa nchi zote mbili waliishi vijijini na baadhi yao wakapata shahada zao za juu kutokana na kazi hiyo. Ulla Vuorela, kwa mfano, aliandika tasnifu ya uzamivu kuhusu wanawake wa Msoga, kijiji hichohicho alikozaliwa Jakaya Kikwete, aliyekuja kuwa rais.

Lakini tusiwapambe. Mambo haya yalifanyika katika miaka ya Operesheni Vijiji. Novemba 1973 Nyerere aliagiza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa shambani awe anaishi kwenye kijiji cha ujamaa. Mamilioni ya watu walihamishwa, wengi kwa lori, wengine baada ya nyumba zao kuchomwa ili wasirudi. Ina maana mwanafunzi aliyetumwa kijijini kujifunza "pamoja na wananchi" huenda alikuta wananchi ambao hawakuulizwa kama wanataka kuwa pale. Kule Bagamoyo watafiti walijikuta katikati ya wafugaji wa Kiparakuyo, wakulima, na maofisa waliotaka wafugaji watulie sehemu moja. Kila upande ulitarajia mtafiti awe wake.

Nadhani hili ndilo somo gumu la Dar. Ushirikishaji ulikubaliwa kwa sababu ulienda sambamba na lugha ya serikali. Watu wangeweza kushirikishwa kuhusu kisima kichimbwe wapi. Kuhusu kuhama au kutohama, hapo mjadala ulikuwa umefungwa tayari, na watafiti walifika mlango ukiwa umeshafungwa.

Limuru: darasa linapomsahihisha profesa

Kwetu Kenya jibu lilikuja kwa njia ya sanaa, na serikali ililipokea tofauti kabisa.

Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata uhuru wake 1970, ule muungano wa Afrika Mashariki ulipovunjika. Idara ya Fasihi ilikuwa tayari imepigana vita yake ya 1968, pale Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotaka Idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi ya Afrika, pamoja na simulizi za wazee, iwekwe katikati. Mwaka 1974 wanafunzi walianza kuzunguka nchi na michezo ya kuigiza wakati wa likizo. Ilikuwa hatua nzuri. Ila bado mwendo ulikuwa wa upande mmoja: chuo kinaenda, watu wanatazama, gari linarudi Nairobi.

Kamĩrĩĩthũ, Limuru, iligeuza mwendo huo. Kijiji chenyewe kilizaliwa kwa fujo. Ni kijiji cha dharura, kimoja kati ya vile ambavyo Waingereza waliwakusanyia watu kwa nguvu miaka ya 50 ili kuwatenga na Mau Mau. Katikati ya miaka ya 70 wakazi, wengi wao vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa viwandani na watu wasio na kazi, walikuwa na kituo cha vijana kilichodorora. Walitaka kukifufua. Ngũgĩ wa Mĩriĩ, mtafiti wa Taasisi ya Masomo ya Maendeleo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, alisimamia elimu ya watu wazima pale, ile tuliyozoea kuita ngumbaru. Ngũgĩ wa Thiong'o, mkuu wa Idara ya Fasihi, alikuwa jirani. Kimani Gecau akaja kuongoza maigizo.

Baada ya masomo ya kusoma na kuandika, wakazi walitaka mchezo. Ngũgĩ wawili hao wakaandika rasimu ya Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu. Mwaka 1977 rasimu hiyo ikasomwa mbele ya watu, na hapo ndipo mambo yalipochacha. Wazee waliwasahihisha wasomi lugha: mtu wa umri huu hasemi hivi, bwana. Waliokuwa wamepigana msituni walisahihisha historia. Waliofanya kazi kiwandani walieleza kiwanda kinavyoendeshwa na mshahara unavyoliwa kabla haujafika nyumbani. Mazoezi yalifanyika hadharani, kila apitaye akiwa na haki ya kusema hapana, si hivyo. Wakazi walijenga kwa mikono yao jukwaa la wazi lenye nafasi ya watu kama 2,000.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Watu walijaa. Tarehe 16 Novemba serikali ikafuta kibali. Mwisho wa Desemba polisi wakamkamata Ngũgĩ wa Thiong'o, akakaa Kamiti bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Chuo hakikumrudishia kazi yake. Mapema 1982 kundi lilijaribu tena na Maitũ Njugĩra, likazuiwa, na mwezi Machi polisi wakaja Kamĩrĩĩthũ wakabomoa jukwaa. Ngũgĩ wa Mĩriĩ na Gecau walikimbilia Zimbabwe.

Linganisha nchi hizo mbili. Tanzania, ushirikishaji ulipewa ofisi, wizara na bajeti, lakini maswali makubwa yalikuwa yamefungwa. Kenya, watu walifungua maswali yote, hata la nani anamiliki ardhi ya Limuru na aliipataje, na jengo likaangushwa. Kamĩrĩĩthũ haikufeli kama mbinu. Ilifaulu, na kufaulu huko ndiko kulikoileta tingatinga.

Miaka ya kuogopa, miaka ya makaratasi

Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Wahadhiri kadhaa waliwekwa kizuizini mwaka huo, akiwemo Al-Amin Mazrui, mwandishi wa Kilio cha Haki. Fikiria wewe ni mhadhiri kijana wakati huo. Je, ungempeleka mwanafunzi wako akakae na vibarua miezi sita, akichunguza nao mishahara? Wengi walibaki darasani, na sioni kwa nini niwalaumu.

Ushirikishaji haukufa, ulihamia kwingine. Mwaka 1988 kule Mbusanyi, Machakos, ofisi ya serikali ya mazingira na Chuo Kikuu cha Clark cha Marekani walijaribu njia ya kupanga maendeleo pamoja na wanakijiji. Ramani zilichorwa na wenyeji, misimu ya mvua ikapangwa kwa kumbukumbu zao, matatizo yakapigiwa kura. Njia za aina hiyo zilienea haraka. Zilikuwa na faida ya kweli, kwani bibi asiyejua kuandika angeweza kuchora kijiji chake kwa fimbo mchangani akamshinda ofisa. Ila zilikuwa fupi, ziliingia kwenye ratiba ya wafadhili, na hazikumtisha mtu. Siku tano zilitosha, na ripoti ikatoka.

Hivyo ndivyo kitu kilichoanzia kwetu kilivyoturudia kama semina ya siku mbili na kitini chenye nembo za wafadhili. Mbinu zote zilikuwemo. Ugomvi uliozizaa haukuwemo.

Mitaani kwetu matokeo yake unayajua. Nilipokuwa nikikusanya data ya uzamili kwenye mtaa mmoja wa Nairobi, mama mmoja muuza mboga aliniangalia na fomu zangu, akaniuliza, "Mtoto wangu, wewe ni wa ngapi mwaka huu?"

Nikamwambia sijui, Mama.

"Wa kwanza alituuliza choo. Wa pili akatuuliza choo. Choo chenyewe bado."

Nikamuuliza angependa tuulize nini. Akapanga sukuma yake kwanza, kisha akasema, "Ungekuja kabla hujayaandika hayo maswali, tungekuambia."

Ndiyo hoja yote ya Kamĩrĩĩthũ hiyo, kutoka kwa mtu ambaye hahitaji semina. Maswali yangu yalikuwa yameshapita kwa msimamizi, kwa kamati ya maadili, na kwa wanaotoa kibali cha serikali. Watu wote hao walikuwa na nafasi ya kusema hapana. Yeye alipewa nafasi ya kutia sahihi kwenye fomu ya ridhaa.

Mathare na Mukuru: mtaa unapokuwa na daftari lake

Kuna sehemu ambapo mambo yamebadilika, na hayakubadilishwa na vyuo. Miaka ya 90 ubomoaji wa mitaa ulizidi Nairobi, na mwaka 1996 wakazi wa mitaa mbalimbali waliunda Muungano wa Wanavijiji. Baadaye walianza vikundi vya kuweka akiba, na wakaanza kujihesabu wenyewe: nyumba ngapi, vyoo vingapi, nani mpangaji, nani mwenye nyumba. Ukiwa na hesabu yako, ofisa hawezi kukuambia kwamba hapo pana watu wachache waliovamia juzi.

Wasomi wakaja, safari hii wakikuta wenyeji wana daftari. Mwaka 2010 chama cha vyuo vinavyofundisha mipango miji Afrika kilitia sahihi makubaliano na mtandao wa kimataifa wa wakazi wa mitaa ya mabanda, ambao Muungano ni sehemu yake. Lengo lilikuwa wanafunzi wajifunzie mtaani, na wakazi wawe miongoni mwa walimu wao. Kule Mathare, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Berkeley, California, walifanya kazi na wakazi, na mwaka 2012 ukatoka mpango wa bonde zima badala ya vipande vipande.

Mukuru ilienda mbali zaidi. Utafiti uliowakutanisha wakazi, wanasheria na vyuo, vikiwemo Nairobi na Strathmore, ulionyesha kwamba mtu wa Mukuru analipia maji na stima bei ya juu kwa kila kipimo kuliko mtu wa mitaa yenye uwezo. Maskini anatozwa faini kwa kuwa maskini. Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo la mpango maalumu, kama kaya 100,000 kwa jumla. Kaya 10 10 zikawekwa kwenye vikundi vyenye wawakilishi, ili mpango wa barabara, maji na shule usipite juu ya vichwa vya watu. Baadaye barabara zililimwa, mabomba yakafika.

Halafu, mwishoni mwa 2021, tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga. Maelfu ya watu walilala nje, wakati wa mvua, wengine juu ya vifusi vya nyumba zao.

Natua hapo makusudi, kwa sababu hapa historia yote inakutana. Watu walikuwa wamejihesabu, wamepanga, wamekaa na maprofesa na kaunti. Na bado. Mtu anaweza kusema basi ushirikishaji ni bure. Mimi sisemi hivyo. Watu wa Mukuru walikuwa na wawakilishi, ramani na takwimu za kuonyesha nani alikuwa akiishi wapi, silaha ambazo watu waliobomolewa miaka ya 90 hawakuwa nazo. Ila nauliza: mwanafunzi aliyekuwa amepata shahada kwa ramani hizo alifundishwa afanye nini asubuhi ile? Kwenye mafunzo yangu mwenyewe jambo hilo halikutajwa. Tulifundishwa namna ya kuingia mtaani kwa heshima, kumsalimia chifu na wazee, kurudisha matokeo kwenye mkutano. Yote ni mema. Hatukufundishwa tusimame wapi wenye nguvu wanapokuja kuyafuta matokeo pamoja na watu waliyoyatoa.

Kwa hiyo kama wewe unaandaa pendekezo la utafiti sasa hivi, au unapanga mafunzo ya wanaokufuata, nina maoni mawili ya mtu wa kawaida. Kwanza, tuanze na historia yetu. Mwanafunzi asome Bunju, Moshi, Jipemoyo na Kamĩrĩĩthũ kabla hajaonyeshwa slaidi yoyote, na asome pia mabaya yao: malori ya 1974, mlango uliokuwa umefungwa, jukwaa lililobomolewa. Ataelewa kwamba kufanya utafiti na watu ni jambo lenye gharama, na kwamba gharama hiyo mara nyingi hulipwa na wenyeji.

Pili, kamati inayopitisha maswali iwe na kiti cha mtaa, chenye kura. Msimamizi wa tasnifu naye afike, akalie benchi, asikie. Vikundi vya akiba tayari vina daftari, viongozi na siku ya mkutano, kwa hiyo hakuna cha kubuni hapo. Kinachotakiwa ni chuo kikubali kwamba pendekezo linaweza kurudishwa na muuza mboga, likiwa na alama nyekundu, kama vile lilivyorudishwa la profesa kule Limuru mwaka 1977.